Kufungua Nafasi ya Sanaa Mtaani: Mwongozo kwa Msanii Anayeanza

Nianze na shilingi ngapi? Nisajili kama nini? Bila mfadhili inawezekana? Maswali haya matatu yananifikia karibu kila wiki, kutoka kwa vijana waliomaliza chuo, waandika vibao, hata mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayetaka kugeuza banda la uani kwake liwe studio. Nimeona niyajibu kwa pamoja na kwa mpangilio, ili anayetaka kuanza mwezi ujao aanze.

Naandika kutoka Temeke, Dar es Salaam. Tuko wasanii watano kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye kibaraza kirefu, na huu ni mwaka wetu wa saba. Ofisi na vibali nitakavyotaja ni vya Tanzania. Ukiwa Nairobi, Kampala au Lubumbashi utabadilisha majina ya ofisi, mengine yanafanana sana. Nafasi ninayoizungumzia ni mahali pa kufanyia kazi na kuonesha kazi, ambapo jirani anaingia na kanga yake, mtoto mgongoni, bila kuuliza kiingilio. Kama unataka duka la kuuzia picha watalii, hiyo ni biashara halali kabisa, lakini ina mwongozo wake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Wenzako wawili hadi wanne mnaoaminiana kwenye fedha. Urafiki wa kawaida hautoshi.
- Kodi ya miezi sita, pamoja na akiba ya miezi mitatu ambayo hamtaigusa.
- Kauntabuku mbili: moja ya mapato na matumizi, nyingine ya kazi zinazoingia na kutoka.
- Lipa Namba (namba ya kupokelea malipo kwa simu) au akaunti ya kikundi, msiweke fedha kwenye simu ya mtu mmoja.
- Viti vya plastiki angalau 20 na turubai moja kubwa.
- Drili, fisha za ukutani, mbao za mbili kwa moja, mshipi wa kuvulia samaki, pima maji na tepu.
- Ndala kuukuu mbili au tatu. Utaona kazi yake hatua ya sita.

Hatua ya 1: Katembelee waliotangulia

Kabla hujatoa hata shilingi, nenda ukaone kwa macho. Dar es Salaam anza na Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyofunguliwa mwaka 2008. Angalia walivyogeuza makontena ya mizigo kuwa studio za wasanii. Kisha pita Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za kawaida juu ya vipande vya hardboard, akafariki mwaka 1972. Wanafunzi wake wakaendelea, wakaunda ushirika, na mpaka leo wapo palepale. Waulize jinsi wanavyogawana fedha, anayefungua mlango asubuhi ni nani, na mgogoro wao wa mwisho waliumalizaje.

Ukibahatika kufika Nairobi, nenda Kibera kwa Maasai Mbili, kundi la wasanii walioanza mwaka 2001 wakiwa waandika vibao, na Mukuru kwa Wajukuu Art Project, ulioanza mwaka 2004. Wajukuu wanafundisha watoto sanaa na wameweka maktaba katikati ya mtaa wa mabati. Mwaka 2022 walialikwa documenta, maonesho makubwa ya sanaa ya kisasa huko Kassel, Ujerumani, wakajenga lango la kuingilia ukumbi kwa mabati yenye kutu, kama njia za kwao. Kitu kilichowafikisha huko ni kazi ya mtaani kwao, na mimi hilo nalishikilia kila kijana anaponiuliza atafikaje Ulaya.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kodi kwanza, ndoto baadaye

Chukulia kodi ni 250,000 kwa mwezi. LUKU (umeme wa kulipia kabla), maji, mlinzi na uzoaji taka, tuseme 120,000. Jumla 370,000. Mkiwa watano, kila mmoja ni 74,000 kila mwezi, awe ameuza kazi au hajauza.

Sasa kila mmoja ajibu kwa ukweli: ninaweza kutoa kiasi hicho kwa miezi 12 kutoka kwenye vibarua vyangu vya kawaida? Mmoja akisita, nyumba hiyo bado si yenu. Tafuteni chumba kimoja, au ombeni kibaraza cha mtu mtumie siku mbili kwa wiki. Sisi tulianzia kwenye kibaraza cha fundi cherehani, tukilipia umeme tu, na miezi ile minane ilitufundisha mengi kuliko semina yoyote niliyohudhuria.

*Tahadhari:* usipange mauzo ya picha kwenye hesabu ya kodi. Mauzo yakija ni ya rangi, fremu na msanii.

Hatua ya 3: Chagua nyumba, kisha andikishaneni mkataba

Kagua nyumba wakati wa mvua ikiwezekana. Ukienda kiangazi, tafuta mstari wa maji ukutani, ule weusi unaopita juu kidogo ya sakafu; nyumba nyingi za mabondeni Dar zinao. Gonga fremu za milango usikie kama mchwa wameshakula ndani. Hakikisha mita ya LUKU ni yenu peke yenu.

Halafu uliza nyumba ni ya nani hasa. Nyumba nyingi za mitaa yetu ni za urithi. Anayekuonesha chumba anaweza kuwa ndugu mmoja kati ya sita, na wengine watano hawajui kwamba umelipa. Pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize kabla ya kutoa kodi, na mkataba usainiwe mbele yao.

Mkataba uwe na mambo manne bila kukosa: muda usiopungua miaka miwili, kiwango cha kodi kwa muda wote huo, notisi ya miezi mitatu kwa pande zote, na ruhusa ya kutoboa kuta na kupaka rangi mbele ya nyumba. Matengenezo makubwa mtakayofanya yakatwe kwenye kodi, na hilo liandikwe pia. Nyumba yetu ya kwanza tulipatana kwa mdomo. Tukaziba bati, tukapiga lipu, tukapaka rangi. Mwezi wa saba mwenye nyumba akaja akaiona ilivyopendeza, akapandisha kodi mara mbili. Hatukuwa na karatasi hata moja ya kumwonesha. Tulihama na picha zetu kwenye guta, tukamwachia nyumba nzuri.

Hatua ya 4: Jitambulishe mtaani kabla ya kufungua mlango

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndiyo hatua ninayoomba uisome mara mbili. Msanii anahamia, anafunga vitasa, anaalika watu wa mjini waje na magari. Majirani wanabaki kuchungulia. Siku ya kwanza ya kelele, simu inapigwa polisi.

Anza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji. Nenda na barua, lakini kaa uzungumze. Kisha imamu wa msikiti wa karibu na mchungaji, maana utahitaji kujua saa za swala na siku za ibada kabla hujapanga chochote chenye spika. Kisha nyumba za kulia, kushoto na mbele. Kisha mama lishe wa kona na kijiwe cha bodaboda. Hao wawili wanajua kila anayepita mtaani. Wakikukubali, una walinzi usiku na mchana.

Sasa nieleze habari ya viti. Mwaka wetu wa pili tulikuwa na ufunguzi wa maonesho siku ya Jumamosi jioni. Kazi zimeshatundikwa, wageni wamealikwa, juisi iko kwenye ndoo ya barafu. Saa 6 mchana akafariki mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulikaa dakika tano tu, tukaahirisha. Tukabeba viti vyote 30 na turubai tukapeleka msibani, wawili wetu wakaenda kusaidia kuchota maji, nikaandika ujumbe kwa wageni mmoja mmoja. Viti vilikaa kule siku tatu, vikarudi vyote, vimeoshwa. Ufunguzi ulipofanyika wiki mbili baadaye, mjane alituma wajukuu wake wanne waje, na toka siku ile hakuna mtu wa mtaa aliyetuita "wale wachoraji". Tunaitwa kwa majina.

Kwa hiyo nunua viti kabla ya kununua spika. Viandike namba kwa rangi chini ya kikalio, weka daftari la kuviazimisha, na kwa misiba usitoze.

Hatua ya 5: Usajili

Kwa ufupi, njia ni tatu. Mnaweza kusajili jina la biashara au kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara; mnaweza kusajili kikundi cha kijamii kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri; au mnaweza kusajili NGO kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Ushauri wangu kwa anayeanza: kikundi. Mahitaji yake ni mepesi, mnabaki karibu na kata yenu, na mkishatimiza masharti mnaweza kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unaogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kumbuka kwamba ni mkopo na utarejeshwa. Msiutumie kulipia kodi.

BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, iliyoundwa kwa Sheria namba 23 ya mwaka 1984, ndiyo inayosajili wasanii na kutoa vibali vya shughuli za sanaa. Kila msanii ajisajili, na maonesho yenye hadhara yaombewe kibali mapema. Zanzibar ofisi ya sanaa ni BASSFU. Chukueni pia TIN, namba ya mlipakodi, kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA) hata kama hamjauza kitu. Mnunuzi wa maana, kama hoteli au ofisi, ataiuliza siku ya kwanza.

Hatua ya 6: Andaa ukuta

Kuta za tofali za saruji na mchanga zinamomonyoka ukipigilia msumari. Baada ya maonesho matatu ukuta unakuwa kama umepigwa risasi. Fanya hivi:

a) Pima sentimita 220 kutoka sakafuni, vuta mstari kwa pima maji, toboa kwa drili kila baada ya mita moja, tia fisha, funga mbao za mbili kwa moja kuzunguka chumba. Hutatoboa tena.

b) Tundika picha kwa mshipi wa kuvulia kutoka kwenye mbao hizo. Mshipi hauonekani, haushiki kutu, na duka lolote la vifaa vya uvuvi Kariakoo au feri wanao. Chukua unene unaobeba mara tatu ya uzito wa picha. Funga fundo, lichome ncha kidogo kwa kiberiti lisifunguke.

c) Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kama watoto ndio wageni wako wakubwa, shusha hadi 120. Sisi tulishusha, na watoto wakaanza kusimama mbele ya picha badala ya kupita wakikimbia.

d) Kata ndala kuukuu vipande vya ukubwa wa kifuniko cha soda, gundisha kimoja kila pembe nyuma ya fremu. Picha inaachana na ukuta, hewa inapita. Bila hivyo, masika ya Dar yataotesha kuvu nyuma ya picha yako ndani ya wiki chache.

*Tahadhari:* usitundike kazi ya karatasi kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, hata kama ndio ukuta mzuri kuliko zote.

Hatua ya 7: Siku moja kwa wiki, bila kukosa

Usitangaze ratiba ya siku saba. Chagua moja. Yetu ni Jumamosi saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana, watoto wanachora. Mvua ikinyesha tupo. Wakija wawili tupo. Mtaa unajifunza kukuamini kwa mlango uliofunguliwa siku uliyosema utafunguliwa. Maonesho ya kwanza yaje baada ya miezi mitatu ya siku hiyo moja, na kazi za watoto ziwemo, zimetundikwa kwa uangalifu uleule kama za wakubwa.

Hatua ya 8: Fanya kazi na watu, ukiwa na makubaliano

Sanaa shirikishi inamaanisha jirani yako anachangia kwenye kazi yenyewe: hadithi yake, mikono yake, vitu vyake. Mwanzoni mwa mwaka 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, Solomon Muyundo anayejulikana kama Solo7 aliandika maneno ya amani kwenye kuta na mabati ya Kibera. Watu waliyasoma kwa sababu aliyeandika alikuwa mwenzao, na aliandika kwenye milango wanayopita kila siku.

Sisi tuliwaomba kina mama wa mtaa walete kanga yao ya zamani kuliko zote na kusimulia ilivyowafikia: nani aliwapa, na jina la kanga liliwaambia nini. Tulizianika kwenye kamba ya nguo kuvuka uchochoro, kila moja na karatasi ya maelezo. Kabla ya kuanza tulikubaliana mambo manne, na nakushauri uyachukue kama yalivyo:

- Kila mshiriki analipwa posho ya muda wake, kiasi kilekile kwa wote, siku hiyohiyo.
- Maelezo yanasomwa kwake kwa sauti kabla ya kuandikwa pa kudumu. Anaweza kufuta.
- Picha za simu hazipigwi bila kuuliza. Za watoto, anaulizwa mzazi.
- Mtu anaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu.

Asubuhi ya ufunguzi dada mmoja alikuja kuchukua kanga yake. Tulimkunjia, tukamkabidhi. Pale ilipokuwa tuliacha vibanio viwili kwenye kamba, mbali kidogo na vingine. Jioni ile watu wengi walisimama kwenye vibanio vile kuliko kwenye kanga yoyote, na hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Hatua ya 9: Kazi ikiingia, karatasi, ikiuzwa, karatasi

Kila kazi ya msanii wa nje inapopokelewa, andika kwenye kauntabuku: jina la msanii, jina la kazi, vipimo, hali yake (mkwaruzo, tundu, doa), bei, na tarehe ya kurudishwa. Wote wawili msaini, piga picha ukurasa, mtumie.

Asilimia ambayo nafasi inachukua kwenye mauzo itajwe kabla. Sisi tunachukua 30. Msanii alipwe ndani ya siku saba tangu fedha iingie. Kuchelewesha fedha ya msanii ndiko kunakoua nafasi nyingi, maana habari inasambaa kwa wasanii wote kwa siku moja. Na mweleze mnunuzi kwamba amenunua picha. Hakimiliki inabaki kwa msanii, hivyo hawezi kuichapa kwenye fulana bila makubaliano mengine.

Kuhusu wafadhili: waombe kuanzia mwaka wa pili, mkiwa na daftari la mahudhurio na hesabu za kuonesha. Omba fedha ya mradi wenye mwanzo na mwisho, na iwe mradi mliotaka kuufanya tangu awali. Picha, kituo cha sanaa cha Lubumbashi, Kongo, kilianza mwaka 2008 kwa mkono wa wasanii wa palepale akiwemo Sammy Baloji, wakazaa biennale (maonesho ya kila miaka miwili) ya mji wao; maswali waliyoyafuata, kuhusu migodi na historia ya Katanga, yalikuwa ya kwao.

Mambo yakikwama

*Watu hawaji.* Toa meza nje. Chora kibarazani kwa wiki mbili, mlango wazi nyuma yako. Mtu huogopa chumba chenye kuta nyeupe, haogopi mtu anayechora.

*Watoto ni wengi kupita uwezo.* Gawa kwa umri, vikundi viwili vya dakika 90, na mkubwa mmoja kwa kila watoto 10. Usiwahi kubaki peke yako na mtoto ndani ya chumba kilichofungwa. Weka sheria hiyo ukutani wazazi waione.

*Mmoja hatoi mchango wake.* Mwezi wa kwanza muulizeni faragha, huenda ana mgonjwa. Mwezi wa pili mpeni kazi ya kufidia, kama kufungua na kufunga kwa mwezi mzima. Mwezi wa tatu anapisha meza yake, mnabaki marafiki. Liandikeni hili mkiwa bado mnapendana.

*Kuvu imeshaota nyuma ya picha.* Itoe nje kwenye kivuli chenye upepo, usiianike juani. Ikikauka kabisa, ifute taratibu kwa brashi laini ukiwa umefunga pua na mdomo. Usipake maji ya jiki. Kama iko upande wa rangi, mwite msanii mwenyewe.

*Mfadhili amechelewa na mmeshaahidi.* Punguzeni ukubwa wa shughuli, msikope. Posho za washiriki zitoke kwanza. Mabango na fulana zisubiri.

*Jirani analalamika kelele.* Nenda kwake kesho yake asubuhi, mkono mtupu wa visingizio, muulize saa gani inamfaa. Kisha ihamishie shughuli yako kwenye saa hiyo.

*Mmeshindwa kabisa na mnafunga.* Tangazeni mwezi mmoja kabla. Rudisheni kila kazi kwa mwenyewe kwa kufuata daftari, asaini kuipokea. Lipeni madeni ya mama lishe na mlinzi kabla ya deni lingine lolote. Zibeni matundu, mpake ukuta rangi moja, mmkabidhi mwenye nyumba funguo mbele ya mwenyekiti. Viti na turubai waachieni mtaa, pamoja na daftari lake la kuviazimisha.